Koti la Mjerumani Lina Umri Gani?

Mzee wa Eldas, kaskazini mwa Kenya, akienda barazani huvaa koti juu ya kikoi, jua liwe kali namna gani. Mengi ya makoti hayo ni mitumba. Kenya ilipolegeza uingizaji wa nguo kuukuu mwanzoni mwa miaka ya 1990, marobota ya Ulaya, ya Ujerumani yakiwemo, yalishuka Mombasa, yakafunguliwa katika soko la Gikomba, Nairobi, na kusambaa hadi kaskazini.

Anayetaka kujua umri wa koti la Kijerumani asianze na kitambaa. Ageuze mfuko wa ndani, asome lebo. «US-Zone» ni ya 1945 hadi 1949, nchi ilipotawaliwa na majeshi yaliyoshinda vita. «West Germany» ni ya baada ya hapo, kabla ya Ujerumani mbili kuungana 1990. Herufi VEB ni za kiwanda cha umma cha Ujerumani Mashariki. Huko ndiko nailoni iliitwa Dederon kuanzia 1959, jina lililochezewa kutokana na herufi DDR za nchi yenyewe. Anwani ya Ujerumani Magharibi yenye msimbo wa posta wa tarakimu nne haitangulii 1961 wala haivuki 1993.

Saizi 50 kwenye lebo hiyo isikutishe: ni nusu ya kifua cha sentimita 100.

Vifungo ni mashahidi wabaya. Fundi hubadilisha viwili vitatu, na koti la 1955 likaonekana la juzi.