Mavuno ya Mwaka 1917: Vita Kuu Ilipofika Kwenye Vihenge

Wageni wetu watakaopita Bariadi wakati wa mavuno watasikia mashine za kusaga zikinguruma tangu asubuhi. Bibi zetu wa zamani hawakuwa nazo. Unga ulitoka katika jiwe la kusagia, mama akiwa amepiga magoti, na nafaka ilitoka katika kihenge kilichokuwa uani. Humo uliwekwa mtama na uwele: chakula cha mwaka mzima, pamoja na mbegu za mwaka unaofuata. Adui aliyetaka kuitia nchi njaa hakuwa na haja ya kubomoa kinu kikubwa. Ilimtosha kufika uani.

Katika masomo ya shule Vita Kuu ya Kwanza ni habari ya Tanga, ya reli na ya Jenerali von Lettow-Vorbeck. Kwa watu wa pande hizi ilionekana kana kwamba imekwisha mapema. Waingereza waliitwaa Mwanza Julai 1916, na Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora. Lakini vita ilirudi, nayo ilirudi kutoka kusini.

Februari 1917 Kapteni Max Wintgens alijitenga na jeshi kuu la Wajerumani, akaelekea kaskazini pamoja na askari wake. Mwezi Mei aliugua homa ya tifasi karibu na Tabora, akajisalimisha kwa Wabelgiji. Luteni Heinrich Naumann akashika uongozi, akavuka reli ya kati akiwa na askari wapatao 500, akalishambulia boma la Mkalama katika nchi ya Iramba mwanzoni mwa Juni. Mwishoni mwa mwezi huo alikuwa Ikoma, ambako tarehe 29 Juni aliwashinda Wabelgiji waliomfuata. Msomaji atazame ramani: kusini yetu ni Mkalama, kaskazini yetu ni Ikoma, na kati yake ndipo zilipo Meatu, Itilima na Ntuzu, pembezoni mwa nyika, mahali ambapo wakulima wa Kisukuma walikuwa majirani wa Wataturu na Wamasai.

Jeshi hilo halikuwa na ghala nyuma yake wala meli ya kuliletea chakula. Liliishi kwa kile lilichokikuta njiani, na lilipita katika mwezi wa Juni, wakati mtama unapokatwa, kupurwa na kutiwa vihengeni. Na askari anayefukuzwa hali punje. Anahitaji unga, naye hana nafasi ya kusaga. Kazi hiyo ikawaangukia wanawake wa vijiji. Wanaume walitakiwa kubeba mizigo, na kuhusu wapagazi vitabu vya vita vimeandika kidogo mno kuliko inavyostahili. Katika upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa katika vita nzima ya Afrika Mashariki wanakadiriwa kuwa zaidi ya 95,000, wengi wao kwa maradhi. Kuhara damu kuliwaua wengi waliopewa unga wa mahindi wasiouzoea, wakaula bila kuiva kwa kukosa muda na kuni.

Haifai kumlaumu Naumann peke yake. Waliomfukuza walikuwa wengi kuliko watu wake, nao pia walikula. Kwa mama aliyekuwa nyumbani, bendera ya mwenye kuchukua nafaka ilikuwa jambo dogo. Ugogo ni ushahidi mkubwa zaidi: Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka, Waingereza wakafuata wakachukua tena, na mvua zilipokosekana ikaja njaa iliyoitwa Mtunya, iliyoua maelfu ya watu kati ya 1917 na 1920.

Kutoka Ikoma Naumann aligeukia mashariki. Mwishoni mwa Agosti alivamia stesheni ya Kahe, karibu na Moshi, na mwanzoni mwa Oktoba 1917 akajisalimisha. Huku kwetu mvua za kupandia huanza mwezi Novemba, na mbegu hutolewa katika kihenge kilekile.