Nani Aliingilia? Maswali Yasiyojibiwa Kuhusu Chaguzi za Zanzibar, 1957–1963

Mwanaisimu anayethubutu kuingia katika uwanja wa wanahistoria hana budi kupiga hodi. Nimepiga hodi kwa sababu mada ya mhadhara huu ni tuhuma, na tuhuma kabla ya kuwa jambo la kisiasa ni jambo la lugha.

Kati ya 1957 na 1963 Wazanzibari walipiga kura mara nne. Julai 1957 chama cha Hizbu, yaani ZNP, hakikupata hata kiti kimoja kati ya viti sita vilivyogombewa. Januari 1961 ASP ilipata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Wajumbe wa ZPPP walipogawanyika, mizani ikasimama 11 kwa 11. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo, kwa viti 23, na ghasia zilizofuata zikaua watu 68, wengi wao Waarabu. Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Serikali ya ZNP na ZPPP ilipokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 ikapinduliwa.

Katika miaka yote hiyo kila upande ulidai kwamba mwenzake anaongozwa na mkono wa nje. Hizbu ililaumiwa kuwa chombo cha Misri. ASP ililaumiwa kuwa tawi la TANU ya Tanganyika. Waingereza walilaumiwa na pande zote mbili. Tuzitazame tuhuma hizo moja moja.

Redio Kairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, na BBC ikafuata Juni 1957, mwezi mmoja tu kabla ya uchaguzi wa kwanza. Miongoni mwa watangazaji wa mwanzo wa Kairo walikuwamo Wazanzibari. Sauti ilitoka mbali, lafudhi ilikuwa ya nyumbani. Aidha, Misri iliwapokea vijana wengi wa Kizanzibari kwa masomo. Hayo yanajulikana. Lakini kusikiliza redio si kupiga kura, na matokeo ya 1957 yanatuonya: matangazo yalikuwa hewani kwa miaka mitatu, na Hizbu ikatoka mikono mitupu.

Kwa upande wa pili, Mwalimu Nyerere alifika Unguja mwaka 1956 kuhimiza Waafrika na Washirazi waungane, na ASP ikazaliwa Februari 1957. TANU haikuficha uungaji mkono wake. Je, huo ulikuwa uingiliaji wa kigeni? Jibu linategemea maana ya neno *mgeni*. Vyama vya Waafrika vya Unguja na Dar es Salaam vilikuwa na uhusiano tangu miaka ya 1930. Kwa mfuasi wa ASP, mtu wa bara alikuwa ndugu. Kwa mfuasi wa Hizbu, alikuwa mgeni, naye Mwarabu aliyezaliwa Unguja ndiye mwenyeji. Hata haki ya Karume mwenyewe kugombea ilipingwa mwaka 1957 kwa hoja ya asili yake, ingawa pingamizi halikufaulu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani wa nje aliingilia uchaguzi, Wazanzibari walikuwa bado wanagombana juu ya nani yumo ndani.

Waingereza ndio waliosimamia sheria, uandikishaji na mipaka ya majimbo. Matokeo ya 1963 yamewafanya wengi waamini kuwa mipaka ilichorwa kwa hila. Hata hivyo, hesabu peke yake haithibitishi hila: kura za ASP zilirundikana katika majimbo yake, ilhali ZNP na ZPPP zilishirikiana. Tofauti ya kura na viti yaweza kutokea bila ya mtu kukusudia. Swali la kusudi linahitaji nyaraka. Na mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilihifadhi kwa siri, huko Hanslope Park, maelfu ya majalada yaliyohamishwa kutoka makoloni yake. Tangu hapo mtafiti hawezi tena kuchukua ukimya wa makavazi kuwa ni ushahidi wa usafi. Tusiwasahau Wamarekani pia, waliojenga kituo cha kufuatilia vyombo vya anga kisiwani Unguja, jambo lililopingwa vikali na Hizbu.

Hapa ndipo isimu inapoweza kusaidia. Zisikilizeni simulizi zetu: “walipewa fedha”, “kulipelekwa watu”, “inasemekana”. Kiswahili kinaturuhusu kutumia kauli ya kutendwa bila ya kumtaja mtenda, na kiambishi *ku-* kinaweza kusimama mahali pa kiima pasipo na mtu. Sarufi haina kosa. Kosa ni letu, tunapoyachukua maneno yasiyo na mtenda na kumwekea mtenda tumtakaye. Kitenzi *kuingilia* nacho kimebeba hukumu ndani yake: mgeni hupiga hodi, anayeingilia hapigi. Anayekitumia amekwisha kuamua kwamba hodi haikupigwa.

Kizazi changu kilizirithi tuhuma hizi kabla ya kuurithi ushahidi. Tangu vyama vingi viliporejea mwaka 1992 zimesikika tena: hawa huitwa vibaraka vya Waarabu, wale hulaumiwa kuleta wapiga kura kutoka bara. Tuhuma iliyokwisha kutumika kuhalalisha umwagaji damu haistahili kupokezanwa kama kisa cha barazani.

Basi kila tunapoisikia, tuulize: nani alitoa, alimpa nani, lini, na kura ngapi zilibadilika kwa sababu hiyo? Msaada, uhusiano na uingiliaji ni mambo matatu, na kila moja lina ushahidi wake. Mpaka hapo maswali yatakapojibiwa, uaminifu wetu kwa wale 68 na kwa waliouawa Januari 1964 ni kuyaacha yabaki maswali.