Sauna Kabla ya Taulo Nyeupe

Hapa Nairobi sauna ni ya watu wanaolipia jimu kwa mwezi bila kuangalia salio. Tangazo mlangoni hukuahidi ngozi nyororo, kilo kupungua na sumu kutoka mwilini. (Jasho ni maji na chumvi. Kazi ya sumu waachie figo na ini.) Mimi huchekea tangazo hilo kwa sababu nyingine: hii anasa ilianza kama kibanda cha mkulima, cheusi kwa masizi, na kibanda hicho ndicho kilikuwa leba.

Leba kabisa, si mfano. Huko Ufini, hadi nusu ya kwanza ya karne ya 20, wanawake wengi wa mashambani walijifungulia saunani. Sauna yenyewe ilikuwa savusauna, yaani sauna ya moshi: chumba cha magogo kisicho na bomba. Kuni ziliwashwa chini ya rundo la mawe kwa saa kadhaa, moshi ukajaa hadi paani. Kisha moto uliachwa uzime, moshi ukatolewa, ndipo watu wakaingia. Ungedhani ni pachafu, lakini wapi! Joto na moshi huua vijidudu, na maji moto yalikuwa papo hapo, katika nchi ambayo ziwa huganda hadi ukatembea juu yake. Chumba cheusi kuliko vyote ndicho kilikuwa safi kuliko vyote. Mama alipelekwa humo joto likiwa limepungua, mkunga akafanya kazi yake.

Maiti pia aliogeshewa humo humo. Katikati ya kuzaliwa na kufa, sauna ilikausha kimea cha pombe, ikakausha nyama kwa moshi, ikaogesha familia nzima Jumamosi. Na ilikuwa kliniki. Mganga alikuja na pembe za ng'ombe, akachanja ngozi iliyolainishwa na joto, akafyonza damu. Sisi tulikuwa na jina la kazi hiyo: kupiga chuku. Siku hizi ukisema mtu anapiga chuku unamaanisha anatia chumvi, lakini chuku yenyewe ilikuwa pembe. Wafini wana methali kwamba kama sauna, pombe kali na lami ya msonobari vimeshindwa, ugonjwa huo ni wa kufa. Na mvuke unaopanda ukimwagia mawe maji wanauita löyly, neno ambalo zamani lilimaanisha roho.

Nimeingia katika historia hii kwa sababu ya mzee wangu. Ana presha. Alitumiwa video kwenye WhatsApp inayosema sauna hutibu moyo, akanipigia kuuliza kama anaweza kuacha vidonge.

Video haikuokota hayo hewani. Mwaka 2015 watafiti wa Ufini, Jari Laukkanen na wenzake, walichapisha matokeo ya wanaume 2,315 wa eneo la Kuopio, wenye umri wa miaka 42 hadi 60, waliofuatiliwa kwa takriban miaka 20. Walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walikuwa na hatari ya kifo cha ghafla cha moyo iliyo chini kwa asilimia 63 kuliko walioingia mara moja. Inaeleweka: joto hupanua mishipa, moyo hupiga kasi kama wa mtu anayetembea haraka, na ukishapoa presha hushuka kwa muda. Lakini soma vizuri. Hawa ni watu walioangaliwa tu, hawakupangiwa nani aingie na nani asiingie. Pengine anayeweza kwenda saunani kila jioni tayari ni mzima kuliko jirani yake. Na hakuna mahali utafiti ule unasema tupa dawa.

Halafu joto lina mipaka yake. Mji wa Heinola ulikuwa na mashindano ya dunia ya kuvumilia sauna. Katika fainali ya 2010, kwenye nyuzi 110, Mrusi mmoja alifariki na Mfini aliyekuwa naye akalazwa na majeraha mabaya ya moto. Mashindano hayakurudi tena. Wanabolojia wa sauna hawahitajiki kukwambia kwamba hapo mchezo ulikuwa umeacha kuwa kuoga.

Nilimwambia mzee ameze vidonge vyake, na akitaka kujaribu sauna amuulize daktari wa kliniki kwanza. Akakubali, shingo upande. Kisha akauliza: "Na hao huko kwao wanalipa ngapi kuingia?"

Nikamweleza kwamba majengo mengi ya Helsinki yana sauna moja ya wapangaji wote, kila nyumba na saa yake ya wiki, kama zamu ya kufua.

Akanyamaza kidogo. "Sasa hapa kwa ploti tungeiweka wapi?"

"Juu, kwa kamba za nguo."

"Na landilodi?"

Hapo tukaanza kuongea mambo ya kodi.