Babu Yako Alizaliwa Wapi? Karatasi za Waingereza na Swali la Tunduma

Swali hili huulizwa sana Tunduma, wala halikusudiwi kuanzisha mazungumzo. Huulizwa mezani, kijana anapoomba kitambulisho cha taifa, kwa sababu mji umejengwa juu ya mpaka na ng'ambo yake ni Nakonde, nchini Zambia. Kijana hutaja kijiji. Huulizwa tena: na babu mzaa baba? Ushahidi uko wapi? Asipokuwa nao, namba ya kitambulisho huchelewa, na bila namba hiyo laini ya simu haisajiliwi na pasipoti haiombwi. Ndiyo maana nasema kwamba utafutaji wa nasaba, ambao kwa Mwingereza mstaafu ni burudani ya jioni, kwa mtu wa mpakani ni riziki.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini Mwingereza wa kawaida, mjukuu wa mchunga kondoo, anaweza kuutaja ukoo wake hadi karne ya kumi na saba au ya kumi na sita, ilhali Mnyamwanga au Mnyiha akitakiwa karatasi huishia kwa baba yake. Jibu linalopendwa ni kwamba wao waliandika na sisi tulisimulia. Jibu hilo lina uvivu ndani yake. Hawakuandika kwa kuwa walipenda mababu kuliko sisi, na sisi hatukuachwa bila kuandikwa kwa kuwa kalamu haikuwapo. Ilikuwapo, ila ilichagua.

Tuanze kwao. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko. Wananchi walishuku mara moja kwamba kodi mpya inakuja. Kuanzia tarehe 1 Julai 1837 serikali yenyewe ikaanza kusajili vizazi, ndoa na vifo, bila kujali mtu anasali wapi. Sensa ya kwanza ilifanyika 1801, wakati wa vita na Ufaransa na wa hofu ya njaa, na ilihitaji idadi tu. Majina ya watu wote yalianza kuandikwa katika sensa ya 1841. Fomu hizo hufungwa kwa miaka mia moja, kisha hufunguliwa kwa umma. Sensa ya Juni 1921 ilifunguliwa Januari 2022, na humo mtu husoma hata jina la mwajiri wa babu yake. Bahati nayo haikukosa kucheza: fomu za 1931 ziliteketea kwa moto mwaka 1942, na mwaka 1941 hapakuwa na sensa kwa sababu ya vita.

Lakini karatasi inayonivutia kuliko zote hizo ni ile iliyozaliwa na Sheria ya Makazi ya mwaka 1662. Kila parokia ilikuwa tayari na wajibu wa kuwatunza maskini wake, na kwa sheria hiyo ikapata haki ya kumrudisha kwao mgeni aliyeelekea kuwa mzigo. Maskini aliyeshukiwa alifikishwa mbele ya mahakimu wa amani, akahojiwa chini ya kiapo. Ulizaliwa wapi? Baba yako alikuwa mwenyeji wa parokia gani? Umefanya kazi kwa nani kwa mwaka mzima? Umeoa wapi? Mjane alihesabiwa mwenyeji wa kwao mumewe, hata kama hajawahi kufika huko. Leo watafiti wa nasaba wa Kiingereza huzithamini mno hati hizo, maana ndimo kibarua asiyejua kusoma anamosikika akieleza maisha yake mwenyewe. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye foleni mpakani atayatambua maswali. Waingereza waliyaulizana wao kwa wao kabla hayajafika kwetu. Tofauti ni kwamba karani wao aliandika jibu, akalihifadhi, na leo jibu hilo linasomwa.

Sasa tuivushe kalamu hiyo bahari. Mwaka 1920 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilitunga sheria ya usajili wa vizazi na vifo. Iliwabana Wazungu na Waasia. Waafrika waliachwa kando, wakaingizwa baadaye kidogo kidogo, eneo baada ya eneo. Mwaka 1921, mwaka uleule ambao kila kaya ya Uingereza iliandikwa jina kwa jina, Waafrika wa Tanganyika walikadiriwa kupitia machifu na hesabu za kodi. Hesabu kamili ya Waafrika ilisubiri 1948, na kilichochapishwa ni idadi kwa wilaya na kwa kabila. Mtoto wa Mzungu aliyezaliwa Tukuyu alipaswa kuingia daftarini. Mtoto wa mpishi wa nyumba ileile hakutakiwa kuingia.

Alichoandikiwa baba wa mtoto huyo ni kodi. Wajerumani waliianza kodi ya kibanda mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na Waingereza wakaiendeleza kwa sheria yao ya 1922. Aidha, machifu waliandikiwa nasaba zao katika vitabu vya wilaya, hasa baada ya Gavana Donald Cameron kuimarisha utawala kupitia viongozi wa jadi tangu 1925, kwa kuwa serikali ilihitaji kujua nani ana haki ya kiti. Hivyo mtu akiniambia kwamba ukoo wake "umo kwenye nyaraka", huwa namuuliza kwanza kama babu yake alikuwa chifu.

Tunduma ina tatizo lake la ziada. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuhusu mstari kutoka Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika. Waingereza walihakikisha barabara iliyoitwa ya Stevenson inabaki upande wao, na mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ikapita ikiupima mpaka. Wanyamwanga wakajikuta pande mbili. Baada ya vita vya kwanza pande zote zilitawaliwa na Mwingereza mmoja kwa serikali mbili na mafaili mawili. Ndugu waliolima bonde moja walilipa kodi kwa maboma tofauti. Wengine walikwenda Kopabelti, wengine wakachukuliwa na Wenela hadi migodi ya Afrika Kusini, na kumbukumbu za shirika hilo la kuajiri leo zimo Chuo Kikuu cha Johannesburg.

Hapo ndipo inapokuja sheria ninayoiona kuwa kiini cha jambo hili. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, uraia wa moja kwa moja ulikwenda kwa aliyezaliwa nchini ambaye walau mzazi wake mmoja naye alizaliwa nchini. Sharti hilo lilionekana la kawaida. Lakini kwa Mwafrika wa Mbozi au Momba lilitegemea vizazi viwili ambavyo mkoloni hakuvisajili, katika eneo ambalo mama alijifungulia kwa wazazi wake, na kwa wazazi wake huenda palikuwa umbali wa saa mbili kwa miguu, ng'ambo ya mstari ambao hakuna aliyemwonyesha.

Je, hakuna karatasi kabisa? Ipo, na mara nyingi imo kanisani. Wamoraviani walifika Mbozi mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Waskoti wa Livingstonia walikuwa Mwenzo, upande wa pili, tangu miaka ya 1890. Wamishonari Wajerumani walipoondolewa wakati wa vita, Waskoti ndio waliosimamia kazi yao hadi Wamoraviani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Kwa hiyo familia moja inaweza kuwa na babu aliyebatizwa na Mjerumani, na shangazi aliyebatizwa chini ya Mskoti. Maandishi ya Wamoraviani yalifika hadi Herrnhut, Ujerumani. Ya Livingstonia mengi yako Edinburgh.

Wamoraviani walikuwa na desturi njema ya kuandika habari za maisha ya waumini. Elise Kootz-Kretschmer, akiwa Utengule katika nchi ya Wasafwa, aliandika masimulizi ya wanawake waliopitia utumwa na vita, miongoni mwao Narwimba na Chisi. Mwanahistoria Marcia Wright aliyakusanya masimulizi ya namna hiyo katika kitabu cha mwaka 1993. Chisi anatajwa kwa majina matatu, Chisi-Ndjurisiye-Sichyajunga. Nani angemwona kuwa mtu mmoja, kama kila jina lingekuwa katika daftari lake?

Majina, kwa kweli, ndiyo yanayowashinda makarani. Kwa Wanyamwanga jina la ukoo la mwanamume huanza na Si na la mwanamke na Na. Kaka ni Siwale, dada ni Nawale. Kaka ni Simwinga, dada ni Namwinga. Ni utaratibu ulionyooka kuliko ule wa Kiingereza unaomfuta mwanamke siku ya harusi. Lakini karani aliyetoka mbali huona koo mbili, naye humtaka dada kiapo cha kuthibitisha kwamba baba yake ni baba yake. Shuleni binti huyohuyo huenda aliandikishwa kwa jina la baba, akawa Siwale. Kanisani bado ni Nawale.

Nitakuwa mkosaji wa haki nisipotaja yaliyofanywa. Mwaka 2013 mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo ulibeba Songwe ya leo, ulikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kuingizwa katika mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano kupitia vituo vya afya na ofisi za kata. Mtoto wa wakati ule ana cheti. Bibi yake hana, na ni kuhusu bibi ndipo swali linaulizwa.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, ombi langu ni dogo na halihitaji sheria mpya. Mtu asibebeshwe adhabu ya daftari ambalo serikali haikulifungua. Kitabu cha ubatizo, ushahidi wa wazee wawili wa ukoo na maelezo ya namna majina yanavyobadilika kwa jinsia vipokelewe kama ushahidi, na kila jibu liandikwe na kuhifadhiwa, ili mjukuu asihojiwe upya. Kwa makanisa: vitabu vya kale vipigwe picha mwaka huu. Mchwa hawangoji kikao cha halmashauri ya sinodi.

Na kwa wanafunzi wangu wanaokwenda likizo Mbozi, Momba na Tunduma: anzeni na mzee aliye hai, si na kabati. Andikeni jina la Si na la Na kwa kila mtu, jina la ubatizo, na kanisa alikobatizwa. Ulizeni kodi ililipwa kwa chifu gani, maana jina la chifu litawafaa kuliko jina la wilaya. Songwe ni mkoa tangu 2016. Kabla yake ilikuwa Mbeya, na kabla ya Mbeya, Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Bibi aliyezaliwa Mbozi mwaka 1940 hakuzaliwa Mkoa wa Songwe, hata kama fomu ya leo inamtaka aandike hivyo.