Ziwa Tanganyika na Historia ya Pampu ya Joto

Meli ya Liemba, iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, vipande vipande na kuteremshwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, ilisukumwa na injini za mvuke. Na katika injini za namna hiyo, mvuke uliokwisha kufanya kazi hupozwa kwa maji yanayovutwa kutoka nje ya meli, joto lake likaishia ziwani. Miongo sita kabla yake, mwaka 1852, mwanafizikia William Thomson, ambaye baadaye alipewa cheo cha Lord Kelvin, alikwisha kueleza kwamba mzunguko wa injini unaweza kugeuzwa, nguvu itumike kuhamisha joto kutoka penye ubaridi kwenda penye joto. Mtambo ufanyao kazi hiyo ndio pampu ya joto.

Ndani yake huzunguka kipozeo, yaani kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, ambacho hugeuka mvuke kwa kufyonza joto upande mmoja, kikashindiliwa na kompresa inayoendeshwa kwa umeme, kisha kikalitoa joto hilo upande wa pili kinaporudi kuwa kimiminika. Ukumbi wa mji wa Zürich, Uswisi, uliwekewa mtambo huo mwaka 1938, ukipata joto lake kutoka mto Limmat. Na mwelekeo ukibadilishwa, jengo hupozwa na mto hupokea joto.

Toronto, nchini Kanada, haikuhitaji hata kompresa kwa sehemu kubwa ya kazi, kwa kuwa tangu mwaka 2004 maofisi ya katikati ya mji yamepozwa kwa maji ya nyuzi 4 hivi yanayovutwa kutoka kilindi cha Ziwa Ontario. Ni rahisi kudhani kwamba Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, lingeipa Kigoma neema kubwa zaidi, lakini dhana hiyo haisimami: katika nchi isiyo na majira ya baridi kali, maji ya juu huwa na nyuzi 24 hadi 28, na ya kilindini hayashuki chini ya nyuzi 23. Ziwa hili linachoweza kutoa ni utulivu wa joto, si ubaridi, na hoteli ya ufukweni ingelazimika kutumia kompresa, katika mkoa ambao kwa miaka mingi ulitegemea jenereta za dizeli.

Kushusha bomba kilindini nako hakufai sana. Matabaka ya maji hayachanganyiki kikamilifu, hivyo ya chini hayana oksijeni na yana salfidi ya hidrojeni, gesi inayokula mabomba ya shaba. Aidha, tafiti zilizochapishwa mwaka 2003, zikilinganisha vipimo vipya na vya mwaka 1913, zilionyesha kwamba ziwa limeongezeka joto. Bomba la kina kifupi lingenufaika zaidi kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini-mashariki unapoyapoza maji ya juu, ingawa hiyo pia ndiyo miezi ambayo viyoyozi havihitajiki sana.