Tuseme Sawasawa: Tahajudi au Taamuli?

Kibao cha ukumbi mmoja wa mazoezi kimeandikwa: “Njoo ufanye tahajudi, saa 12 jioni.” Nilicheka peke yangu barabarani. Tahajudi, muulize Mwislamu yeyote, ni sala ya sunna ya usiku, inayosaliwa baada ya mtu kulala kidogo akaamka. Haihusiani na mwalimu wa kuhesabu pumzi.

Wanachokitafuta ni taamuli, neno tulilolipata kwa Waarabu, lenye maana ya kulitazama jambo kwa utulivu, bila pupa. Jirani yake ni tafakuri, ndugu wa fikiri na fikra, na hiyo ina kazi maalumu: unatafakari deni, posa, hotuba. Kuwaza je? Mawazo huja yenyewe, tena usiku wa manane, na aghalabu hayana faida. Taamuli haidai jibu. Bibi anayesuka ukili, vidole vikienda vyenyewe na akili imetua kwenye miyaa, yumo ndani ya taamuli, ingawa ukimuuliza atakwambia anasuka tu. Anayechambua mchele pia, mradi redio imezimwa. Mwenye kibao, tafadhali, futa tahajudi, andika taamuli.