Barua pepe za biashara: maandishi matupu au HTML?

Kila msimu wa wageni unapokaribia, kusi ikishaanza kupungua makali, hunijia wafanyabiashara wa hapa kwetu Pwani na swali lile lile. Mwenye nyumba ya wageni Lamu, mwenye boti ya kupeleka watu Wasini kutazama pomboo, fundi wa kanzu wa Mji wa Kale, wote wana orodha ya anwani za wateja waliowahi kuwahudumia, na wote wataka kuwaandikia. Je, watume barua ya maandishi matupu, au ile ya HTML yenye rangi, picha na vitufe?

Swali hili lina pesa ndani yake. Mgeni wa zamani akiandika mwenyewe kuomba chumba, mwenye nyumba hupata pesa yake kamili. Akipitia tovuti za kuwekea vyumba, kamisheni hukatwa kwanza.

Tuyaeleze mambo yenyewe. Maandishi matupu ni herufi basi. Hayana rangi, hayana herufi nzito, hayana picha katikati ya maneno, na kiungo cha tovuti huonekana chote kama kilivyo. HTML ni lugha ile ile inayotumika kuunda kurasa za intaneti. Ndani ya barua huamuru kichwa kiwe kikubwa, picha ikae juu, na maneno “Weka chumba” yageuke kitufe. Anayezifasiri amri hizo ni programu ya barua ya mpokeaji, na hapo ndipo matata huanza, kwa kuwa kila programu hufasiri kivyake. Outlook ya mwaka 2007, kwa mfano, iliacha kutumia mtambo wa kivinjari na kuanza kutumia ule wa Word, na tangu hapo watengenezaji wa barua za biashara hawajapata usingizi. Barua iliyonyooka kwenye Gmail ilifika Outlook imepindana.

Barua pepe ilizaliwa ikiwa maandishi matupu. Ray Tomlinson alituma ya kwanza baina ya kompyuta mbili za mtandao mwaka 1971 huko Marekani. Tangazo la biashara la kwanza kujulikana lilitumwa Mei 1978 na Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC, kwa watu karibu 400 kwa mpigo, lote kwa herufi kubwa. Orodha ya anwani ilikuwa ndefu hata ikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Watu walikasirika, lakini kampuni iliuza. Mlango wa picha na mapambo ulifunguliwa mwaka 1992, Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipotoa kanuni iitwayo MIME, inayoruhusu barua moja kubeba vitu vya aina mbalimbali. Nitarudi kwenye kanuni hiyo, maana ndiyo yenye ufumbuzi.

Kwanza niseme juu ya bango, kwa sababu ndilo linalotuumiza zaidi. Tumezoea WhatsApp. Mtu hutengeneza bango lenye jina la biashara, bei, tarehe na nambari ya simu, vyote vikiwa ndani ya picha moja, kisha hulirusha. WhatsApp halina neno. Sasa bango lile lile hubandikwa kwenye barua pepe, bila sentensi hata moja kando yake, na mtu huamini ametuma barua ya kisasa.

Fikiria linavyopokelewa. Outlook kwa kawaida huzuia picha za kutoka mtandaoni mpaka msomaji aruhusu mwenyewe, kwa hiyo mteja aliye ofisini huona kisanduku cheupe. Asiyeona, anayetumia programu ya kusomewa kwa sauti, husikia jina la faili la picha na hapati zaidi. Mtaliano aliyewahi kulala Watamu akitaka kutafsiri maneno kwa lugha yake, hana maneno ya kutafsiri. Nambari ya simu iliyo ndani ya picha haibonyezeki. Na mteja akikukumbuka baada ya miezi miwili, akaandika “Shela” katika kisanduku chake kutafuta barua yako, huenda asiipate kabisa. Bango hilo ni HTML kwa jina, lakini halina hata faida moja ya HTML.

Kuna sababu nyengine wauzaji wa huduma za kutuma barua huisifu HTML: yaweza kuhesabu nani amefungua. Hufanyika kwa picha ndogo mno, nukta moja tu isiyoonekana, inayovutwa kutoka kwenye seva ya mtumaji barua inapofunguliwa. Maandishi matupu hayawezi hilo. Mimi binafsi sipendi kumchungulia mtu akisoma barua yake, lakini hata ukiliweka kando suala la adabu, hesabu yenyewe imeharibika. Gmail ilianza mwaka 2013 kupitisha picha katika seva zake yenyewe, na Septemba 2021 Apple ilileta kinga inayovuta picha kabla hata mtu hajaifungua barua, kwa wale walioiwasha. Mtu aliyelala usingizi huhesabiwa kuwa amesoma. Ukitaka kujua barua yako imefanya kazi, hesabu waliojibu na walioweka chumba.

HTML ina haki yake. Muuza leso au kanzu hawezi kueleza rangi na darizi kwa maneno. Lazima mteja aone. Basi tia picha mbili au tatu nyepesi, kila moja na maelezo mafupi yatakayotokea ikiwa picha imezuiwa, na bei na nambari ya simu viandikwe nje ya picha. Panga kila kitu safu moja, kwa kuwa wengi husoma kwa simu. Na usichukue maandishi kutoka Word ukayabandika moja kwa moja, kwani huja na takataka za msimbo nyuma yake. Gmail hukata barua ambayo msimbo wake umepita takribani kilobaiti 102, na kinachopotea ni sehemu ya chini, ambapo huwa umeweka anwani yako na kiungo cha kujiondoa.

Upande wa pili, maandishi matupu yana uaminifu ambao watu hawautaji sana. Katika HTML kiungo chaweza kusema jambo na kumpeleka mtu pengine, na matapeli wanaojifanya benki huishi kwa hilo. Katika maandishi matupu anwani iko wazi mbele ya macho. Ubaya wake ni kuwa kiungo kirefu huwa kama kamba ya jahazi. Tumia kifupi cha tovuti yako mwenyewe.

Ile kanuni ya MIME niliyoitaja ina namna ya kutia nakala mbili za ujumbe mmoja katika bahasha moja: ya maandishi matupu kwanza, ya HTML baadaye. Programu ya mpokeaji huchagua ile inayoiweza. Huduma nyingi za kutuma barua hufanya hivyo zenyewe, lakini nakala ya maandishi huitoa kwa mashine, imejaa viungo na nafasi tupu. Isome na uisafishe kwa mkono kabla ya kutuma. Ni kazi ya dakika tano.

Watu hudhani HTML peke yake ndiyo hupeleka barua kwenye taka. Kinachoangaliwa zaidi ni wewe ni nani. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo hutaka watumaji wathibitishe tovuti yao kwa SPF au DKIM. Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwa watu wa Gmail hutakiwa awe na zote mbili pamoja na DMARC, aweke njia ya kujiondoa kwa mbonyezo mmoja, na malalamiko yasifike asilimia 0.3. Mwenye wateja 40 hafiki huko, lakini naye amwombe aliyemtengenezea tovuti aweke hizo rekodi. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo haimruhusu mtu kutumia data ya mwenziwe kwa biashara bila ridhaa yake. Kwa hivyo usinunue orodha za anwani. Na ukitumia Gmail ya kawaida, anwani zote zikae Bcc. Nimeona barua za hoteli zenye anwani za wageni wote zimeanikwa juu kama nguo.

Kwa anayeuza chumba, safari ya boti au chakula, naona barua bora ni ile inayofanana na barua: jina la mgeni, aya mbili tatu, bei, swali moja la kujibiwa, na jina lako chini. Itume kwa HTML nyepesi isiyo na pambo, na nakala ya maandishi pembeni. Kabla ya kuwapelekea wengine jitumie mwenyewe, uifungue mahali patatu: simu ya bei nafuu yenye bando kidogo, iPhone ya jamaa, na Outlook katika kompyuta ya ofisi. Kisha zima picha, uisome tena. Ikiwa bado yaeleza chumba ni kipi, bei gani, na simu ya kupiga, itume.